Kabati la Chuma la Kuwekea Amana

Mume wangu alikuwa fundi wa magari, na tulipohamia mtaa wa Asiatique aliichagua nyumba kwa sababu ya gereji. Mimi nilikagua jiko, yeye akakagua mahali pa kulaza gari. Halafu vita vikaingia, petroli ikawa ya kutafutwa kama dawa, na gari letu bovu likauzwa vipande vipande. Gereji ikabaki tupu. Bujumbura ya miaka ile, mahali penye paa, mlango na kufuli hapakukaa patupu muda mrefu.

Watu walianza kuleta vitu. Kila mtaa ulipopata zamu yake ya kuungua, kuna mtu alitukumbuka. Mmoja alileta godoro, mwingine masufuria, mwingine picha ya harusi iliyofungwa kwenye shuka. Walisimama mlangoni wakisema, "Mutuwekee bitu ibi, tutarudi." Mume wangu hakuwahi kukataa. Alizaliwa mtaa wa Buyenzi, akalelewa na watu wa msikitini, na kwake amana ilikuwa na sheria zake: haiguswi, haifunguliwi, huulizi ndani kuna nini, na mwenyewe akirudi analikuta fundo lake jinsi alivyolifunga. Nami nililelewa hivyo hivyo. Tofauti yetu ni kwamba mimi ndiye niliyefagia.

Sakafu ya gereji ilikuwa chini kuliko barabara. Mvua kubwa ikinyesha, maji yalipita chini ya mlango na kutulia humo, yakaacha mstari wa tope ukutani. Godoro la kwanza kuharibika lilikuwa la mwalimu mmoja, jirani yetu wa zamani. Aliporudi kulichukua, lilikuwa limeoza upande mzima na linanuka. Mwalimu alisema si kitu, mvua ni ya Mungu. Mume wangu hakula siku ile. Nilimbembeleza, kisha nikachoka nikala peke yangu.

Haukupita muda akaja rafiki yangu wa Carama, pembezoni mwa mji. Huyu alikuwa mkulima, mama wa Kikristo, mtu wa maneno machache. Tulijuana hospitalini, tulipojifungua wodi moja na vitanda vimegusana, na tangu hapo aliniita dada na mume wangu akamwita shemeji. Kila alipokuja mjini kuuza mboga alinipitishia fungu la lengalenga na hakukubali kuketi. Siku aliyokuja na vitu vyake mimi sikuwepo, nilikuwa Buyenzi kwa mama yangu. Alfajiri ile risasi zilikuwa zimefika Carama. Alikuja na watoto na mkokoteni wa kukodi, akamwachia mume wangu sanduku la bati, kichwa cha cherehani na fundo kubwa la kitenge, kisha akakimbilia njia ya Uvira, upande wa Kongo, kabla haijafungwa.

"Ameleta bitu byake byote," mume wangu aliniambia niliporudi. "Amelia kidogo. Amesema nikusalimie."

Nilimkasirikia kwa kutomzuia hata anywe maji, kana kwamba risasi zinasubiri mtu amalize kunywa maji. Nililia, nikanawa uso, nikaingia gereji kutazama. Vitu vya watu wengine nilivitunza kwa sababu mume wangu alitaka. Hivi nilivitaka mimi. Niliapa kwamba siku rafiki yangu atakaporudi, atavikuta vikavu na kamili, hata kama sisi wenyewe tutakuwa hatuna kitu. Hapo ndipo habari ya makabati ya ukutani ilipoanza.

Mume wangu alitaka ya mbao. Alikuwa na rafiki yake seremala, na seremala alikuwa na mbao nzuri za libuyu kutoka Kongo.

"Mbao?" nilimwambia. "Mchwa ya hapa imekula furemu ya mulango, itaiheshimu kabati?"

"Tutapaka dawa."

"Dawa iko wapi siku hizi? Ata ya malaria tunatafuta."

Hapo nikajua nimeshinda. Tulizunguka maduka ya mtaani kwetu. Kulikuwa na makabati ya mbao za kubandika, meupe, yanayong'aa, na muuzaji aliyafungua na kuyafunga mbele yetu kama anayemwonyesha bibi harusi. Nilipitisha kidole ukingoni, pale chini panapokatwa, nikakuta unga. Mbao za namna hiyo zikinusa unyevu zinavimba kama mkate kwenye chai. Mume wangu alikuwa tayari ameyapenda kwa ajili ya vishikio vyake. Wanaume wanapenda vishikio.

Tuliyopata mwishowe yalikuwa ya chuma. Ofisi moja ya wageni huko Rohero ilifungwa, wenyewe wakapanda ndege, na mzee mmoja mfanyabiashara wa mtaani kwetu akanunua samani zao. Makabati yalikuwa ya kijivu, ya kutundikwa ukutani, milango miwili miwili, sura mbaya kabisa.

"Mama, hii iko ya bureau," mzee aliniambia. "Hii haichoki."

Nilimwambia kila kitu kinachoka siku hizi, ngoja nione. Niligonga mgongo wa kabati kwa pete yangu, maana mbele kila fundi anaweka bati zuri, ujanja uko nyuma. Lililia kwa sauti nzito, si ile sauti ya debe. Nilifunga mlango nikatazama kama unakaa sawa bila kusukumwa na goti. Nilitoa rafu nikaona inakaa juu ya kingo za chuma pande zote, si juu ya vijiti vinne. Kufuli zake zilikuwa zimepotea, lakini palikuwa na masikio ya kuwekea kufuli letu wenyewe. Mume wangu akataka kujua kwa nini nampekua mzee wa watu kama askari wa kizuizi cha barabarani. Mzee akacheka, akasema mwacheni, huyu anajua kununua.

Kabati likiwa imara, ukuta nao uwe imara. Nyumba za zamani za mjini kwetu zina hila: nje zote zimepakwa sementi na chokaa, huwezi kujua ndani kuna tofali la kuchoma au rukarakara, yaani tofali la udongo lililokaushwa juani tu. Mume wangu alikuwa ameshachora mistari ya penseli kwenye ukuta mrefu wa gereji. Nikachukua msumari na nyundo nikapiga hapo hapo kwenye penseli yake. Ukaingia kama kwenye ugali, na vumbi lililotoka lilikuwa la udongo mtupu. Nikahamia ukuta wa pili, ule tuliochangia na jiko. Msumari ukapinda.

"Hapa," nilisema.

"Mi ndiye fundi hapa ndani," alisema.

"Fundi ya magari. Hii haina tairi."

Alicheka, na kazi akaifanya vizuri sana, lazima niseme. Hakuridhika na misumari. Alitoboa ukuta hadi upande wa pili, akapitisha bolti ndefu za gari, akaweka ubao wa libuyu wa kubeba uzito na vipande vya chuma upande wa jikoni kabla ya kukaza nati. Kimo alikipima kuanzia ule mstari wa tope: juu yake mkono mzima, ndipo chini ya kabati. Milango aliizungushia vipande vya mpira wa tyubu, ili mende na unyevu wasipite, na ili isigonge. Siku mabomu yalipolia upande wa milimani, kila chenye mlango mjini kilitetemeka. Makabati yetu yalikaa kimya.

Alipomaliza, alivuta kwa mikono miwili akasema yako tayari. Nikamwambia anishikie ngazi. Wakati ule nilikuwa mwanamke wa kilo zangu, si za kuazima. Nilishika ukingo wa juu, nikaachia ngazi, nikaning'inia. Alipiga kelele akamtaja Mtume. Niliyumba kidogo kulia na kushoto, hakuna kilicholia, nikashuka. Wahenga wanasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Cha kwetu kilitaka ngazi.

Tukapanga. Vizito chini, vyepesi juu, kila mtu na mlango wake. Vya rafiki yangu vilipata kabati zima, lililokuwa karibu na mlango wa jikoni. Fundo la kitenge lilikuwa zito kuliko cherehani, tukalinyanyua pamoja. Nilisema, "Unafikiri kuna nini humu?" Mume wangu akanitazama vibaya, akafunga kufuli.

Kisha nchi jirani zilitufungia mipaka, na njaa ikaingia hata kwa sisi tuliokuwa na paa. Kazi ya gereji ilikuwa imekufa. Sukari ilitoweka, sabuni ikawa ya kukata vipande, maharage yakawa chakula cha wakubwa. Nilipika uji asubuhi na jioni nikapika majani ya muhogo, wakati mwingine bila hata chumvi. Mtoto wetu mdogo alifikia mahali akaacha kuuliza tunakula nini. Hilo liliniuma kuliko kama angelia. Kilo zangu nilizojivunia zilikwisha. Nguo ya Idi niliikunja upande mmoja nikaifunga na pini. Kila wiki mume wangu aliingia gereji, akashika kila kufuli, akapapasa chini ya makabati kama kuna maji, akatoka ameridhika. Yalikuwa ndiyo mambo pekee yaliyokuwa yakimwendea sawa, sikumnyima.

Rafiki yangu alikaa Uvira mpaka vita vilipomfuata huko, akavuka ziwa, akaishia kambini Tanzania. Tulisikia yu hai, kisha hatukusikia. Alirudi baada ya miaka, watu walipoanza kurudishwa. Niliitwa mlangoni nikamkuta amesimama na mfuko wa plastiki, amekonda, mvi zimempata kabla ya wakati. Alikuwa amemzika mume wake kule. Tulishikana hatukuachana kwa muda.

Mume wangu alifurahi kama siku ya Idi. Alimwongoza mbio mpaka gereji kabla hata sijamtengea kiti, akafungua kufuli. Sanduku halikuwa na doa la kutu. Gurudumu la cherehani aliligusa kwa kidole kimoja likazunguka. Kisha akashusha fundo, akaliweka miguuni pa rafiki yangu.

"Tazama, shemeji. Ata fundo ni lile lile. Hakuna mutu aligusa."

Rafiki yangu hakuinama. Alilitazama lile fundo, akamtazama mume wangu, kisha akanitazama mimi mwili mzima, kuanzia mabega mpaka pini ya nguo yangu. Nikalifungua mimi.

Ndani kulikuwa na igiseke, kile kikapu chenye kifuniko cha ncha. Nilielewa hata kabla sijakifunua. Hakuna mtu kwetu anayehifadhi vitu vyake ndani ya igiseke. Ni chombo cha kupelekea watu zawadi. Unakifunika, unakikabidhi mlangoni, na husemi ndani kuna nini, kwa sababu kusema ni kujisifu. Mwenye nyumba anakiingiza jikoni, anakimimina, basi. Kama kingefika bila kufungwa kitenge, ningekijua kwa mbali. Kitenge kilikuwa cha njiani tu, cha kuficha chakula machoni pa watu wa vizuizi.

Kilijaa maharage, yamechanganywa na majivu ili wadudu wasiingie. Hakuna hata moja lililotobolewa. Kabati lilikuwa limefanya kazi yake.

"Shemeji," alisema taratibu, "ile ilikuwa yenu. Mi nilijua njaa itafika ata huku mjini. Nilileta yote, nikabakiza ya njiani tu."

"Hukusema," mume wangu alisema.

"Igiseke inasemewa?"

Rafiki yangu akanigeukia.

"Dada, sasa mulikuwa munakula nini?"

Sikutaka kumwambia, nikamwambia. Nilimwambia habari ya uji na majani, na ya mtoto aliyeacha kuuliza. Nilisema kwa ufupi, lakini ilitosha. Mwanamke aliyekuwa amelala miaka yote ile chini ya hema, aliyemzika mume ugenini, aliketi kwenye sakafu ya gereji yetu akalia kwa ajili yetu, sisi tuliokuwa nyumbani kwetu. Nami nikaketi nikalia naye. Nilikuwa na hasira ya kweli, na kila niliyetaka kumkasirikia alikuwa amefanya lililo sawa.

Nikayaosha maharage majivu yatoke, nikayaweka motoni. Mkaa ukaisha nikaongeza mwingine, giza likaingia, maharage bado yanalia sufuriani kama kokoto. Yalikuwa yamekaa mno, hayakuweza tena kuiva. Hakuna aliyesema niyamwage. Nilimimina mchuzi wake katika vikombe, nikampa yeye, nikampa mume wangu, nikachukua wangu, tukaunywa wote mpaka ukaisha.