Chipu Niliyoisingizia

Mimi ni nesi. Nimehamishiwa zahanati moja karibu na Endagikot, na mwezi uliopita niliisingizia chipu isiyo na kosa.

Mashine yetu ya presha ina chipu inayogeuza mapigo ya mkono kuwa namba, kwa kasi na kwa umeme kidogo, hata betri nne zinamaliza miezi. Tangu nianze kuitumia, vijana walitoka sawa lakini wazee karibu wote walikuwa juu. Wawili nilishawaandikia rufaa. Nikabadilisha betri, wazee wakabaki juu. Basi nikaandika barua wilayani kwamba chipu imechoka, haiwezi damu ya wazee. Nilijiona mtaalamu kweli.

Fundi akaja kutoka Mbulu mjini. Akaifungua, akaifunga, akasema, "Nesi, nionyeshe unavyopima."

Nikamkalisha Bibi Paskalina, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni. Nikamfunga mkono, nikabonyeza, na mashine ilipoanza kujaa upepo nikasema, kama kawaida yangu, "Shikamoo bibi. Nyumbani hawajambo? Ng'ombe je?"

"Marahaba mwanangu. Wazima, ila yule mwekundu hali vizuri."

Namba zikapanda. Fundi akainua macho ukutani, akasoma taratibu tangazo nililoliandika mwenyewe: *Ukipimwa presha, usiongee.*

Nikamgeukia bibi. "Kwani tangazo hukuliona?"

"Nililiona," akasema. "Lakini umeniamkia. Ningenyamazaje?"