Filamu Iliyofukuza Ndege Mudaka

Kuna siku moja, mwanangu, nikiikumbuka mpaka leo nashika kichwa kwa mikono miwili. Nilikuwa nimesimama kando ya barabara ya kijiji cha Mudaka, nimevaa abakosti yangu mpya, ile suti isiyo na tai ya wakati wa Zaire, na mbele yangu shamba zima la mtama lilikuwa linametameta kama mtu amelimwagia vioo. Nikasogea nione ni kitu gani. Ilikuwa filamu ya rafiki yangu. Filamu nzima, imekatwa vipande, imefungwa kwenye vijiti, inafukuza ndege.

Nakusimulia haya, mimi babu yako, kwa sababu juzi ulinishtua. Ulinionyesha picha ya filamu kwenye simu ukasema, "Koko, ile film iko mubaya." Nikakuuliza kama umeitazama. Ukanijibu, "Hapana, lakini batu bote banasema ni mubaya." Nilikurudishia simu yako, na wewe unajua ulikuwa unaongea na nani. Mimi ni mtoto wa mtaa wa Kadutu niliyekwenda Ulaya na suruali moja, nikarudi na diploma ya ufundi wa picha na sauti, ile iliyoko ukutani sebuleni. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Katika Bukavu ya miaka ile ya Zaire, mtu wa pili mwenye karatasi kama yangu hakuwepo. Kama alikuwepo, alijificha vizuri.

Rafiki yangu Mugisho hakuwa na karatasi yoyote. Alikuwa na kamera ya zamani aliyoachiwa na padri mmoja aliyerudi kwao, na alikuwa na macho. Alitengeneza filamu ya nusu saa juu ya mama yake, Maman Nabintu, na wanawake wenzake wa Mudaka wanaobeba ndizi mgongoni, kamba kwenye paji la uso, mpaka soko la Bukavu. Hakuna bunduki, hakuna bibi harusi. Mama anafunga mzigo, anatembea, anapanda mlima, anapumzika, anatembea tena.

Tuliionyesha Jumapili mchana katika ukumbi wa parokia mjini Bukavu, na projekta niliiendesha mimi mwenyewe. Ukumbi ulijaa. Watu walikuwa wamezoea filamu za karate na za wapanda farasi wenye bastola, lakini mwanzoni walitulia. Kisha ikafika mahali Maman Nabintu anakaa juu ya jiwe, anaondoa kamba, na kamera inamtazama tu. Paji lake lina alama ya kamba. Unasikia pumzi yake, basi. Muda mrefu. Miluzi ikaanza.

"Maman, simama! Soko inafungwa!"

"Karate iko wapi?"

"Ile iko sawa na mama yangu!" kijana mmoja akapaza sauti kutoka nyuma. "Mi namuonaka kila siku, bure!"

Ukumbi mzima ulikufa kwa kicheko. Taa zilipowashwa, mwalimu mmoja wa sekondari alisimama akasema kwa Kifaransa kizuri kwamba kazi hii haina mwanzo wala mwisho. Afisa mmoja wa chama tawala akawa mkali zaidi, akamwita "raia" kama tulivyolazimishwa kuitana siku zile: "Citoyen Mugisho, inchi inajengwa, na weye unatuonyesha migongo ya bamama? Unatupatisha haya!"

Nilisimama nikajibu. Nikawaambia: jiwe hilo mnalolicheka ndilo moyo wa filamu. Mama huyu mnamwona kila siku akipita, lakini nani kati yenu amewahi kumwona amekaa? Nani amewahi kusikia pumzi yake? Katika zile za karate mnajua nani atapigwa kabla hajapigwa, na bado mnarudi kuangalia. Hapa mmeonyeshwa kitu kipya kilichokuwa mlangoni kwenu, mnapiga miluzi. Nilisema vizuri sana siku hiyo, naweza kusema bila aibu. Lakini watu walikuwa wanatoka. Na nilipogeuka kumtafuta Mugisho, yeye na bobini yake, lile gurudumu lenye filamu, hawakuwepo tena.

Sikukata tamaa. Niliitetea filamu ile ofisini, kwenye baa, baada ya misa, mpaka watu wakaanza kunikwepa. Mwishowe padri wa parokia alichoka nami akakubali ionyeshwe mara ya pili. Nikapanda kwenda Mudaka na habari njema, kuichukua. Haikuwa na nakala, uelewe. Ile moja ndiyo ilikuwa yote iliyokuwepo duniani.

Ndipo nikakuta shamba linametameta.

Nilipiga kelele, mwanangu. Nilikimbia ndani ya mtama na viatu vyangu vya ngozi kama kichaa. Nikang'oa kipande kimoja, nikakiinua kwenye jua, na pale nikamwona Maman Nabintu mara kumi na zaidi, mdogo kama punje, picha moja chini ya nyingine, kila moja na mzigo wake.

Maman Nabintu mwenyewe akatokea na jembe.

"Ingénieur! Unapigana na mutama yangu juu ya nini?"

"Maman, nani amefanya hivi?"

"Mugisho. Alisema kama batu ba Bukavu habaitake, basi ifukuze hata ndege. Na inafukuza muzuri."

"Lakini hii ni filamu yako! Mimi nimeitetea muji muzima!"

Akaweka jembe chini. "Umeitetea kwa nani?"

Nikamtajia: mwalimu, padri, wakubwa wa chama.

"Na siye?" akasema. "Tulibeba ndizi mbele ya ile mashini. Tunapanda, Mugisho anasema 'bado, maman, rudia,' tunashuka, tunapanda tena. Siku ingine hakuna hata soko, tunabeba tu kwa ajili yake. Nani alikuja kutuonyesha? Mulitupeleka kule batu batucheke, na siye hatujue hata banacheka nini."

Hapo ndipo nilishtuka kweli. Shamba lilikuwa limenishtua macho. Maneno haya yalinipiga kifuani. Alikuwa amesema kweli tupu. Filamu ilikuwa imeshitakiwa, imehukumiwa na kutupwa, na hakuna hata mmoja kati ya walioibeba mgongoni aliyekuwa ameiona. Nami nilikuwa nimewapa maneno yangu bora watu waliokuwa wanatafuta mlango wa kutokea.

Wanawake walinisaidia kukusanya vipande. Vingine jua lilikuwa limevichoma, vingine mvua ilikuwa imevila. Nikaviosha, nikaviunga kwa gundi kimoja kimoja, kazi ambayo Bukavu nzima ni mimi tu niliyeiweza. Mugisho, ambaye siku zote aliniita kaka mkubwa, alinikuta naunga, akatikisa kichwa.

"Grand, acha. Ile kintu ilisha kufa."

"Kama imekufa, njoo kwenye kilio," nikamwambia. Akacheka bila kutaka.

Tukawaita wanawake wote waliobeba ndizi mbele ya kamera, tukafunga madirisha ya darasa la shule ya msingi ya Mudaka kwa mablanketi, saa nane mchana, na jenereta ya parokia ikinguruma nje. Filamu ilikuwa imeharibika, sitakuficha. Mama anaanza kupanda mlima, mara yuko juu. Mikwaruzo ilishuka kama mvua. Lakini sehemu ya jiwe, kwa kuwa ilikuwa ndefu, ndiyo iliyopona zaidi.

Maman Nabintu akakaa juu ya jiwe. Akaondoa kamba. Nikangoja miluzi.

"Pumzika, dada," mwanamke mmoja akasema polepole gizani.

"Pumzika," mwingine akasema. "Njia ingali ndefu."

Kisha ikabaki pumzi ile tu. Nikamtazama Maman Nabintu alipokuwa amekaa kwenye dawati la watoto. Alikuwa amepeleka mkono kwenye paji lake, anagusa alama. Ilipokwisha, hakuna aliyenyanyuka. "Rudisha," Maman Nabintu akaniamuru. Nikarudisha. Wakasema tena rudisha, na tena, mpaka mafuta ya jenereta yakaisha.

Mugisho alikuwa amesimama mlangoni, uso ameugeuzia ukuta. Wiki iliyofuata alikuja nyumbani kwangu kuniomba nimtafutie bobini tupu.

Mjini haikuonyeshwa tena. Padri alipoona ilivyoraruka alikataa. Wale wa ukumbi ule walio hai mpaka leo watakuambia ilikuwa filamu mbaya. Wanakosea, nami nina diploma ya kusema hivyo.

Sasa unisikilize, mwanangu. Usiseme filamu ni mbaya kwa mdomo wa mwingine. Kaa nayo mpaka mwisho, hasa pale inapokuchosha, maana mara nyingi hapo ndipo mtu aliyeitengeneza aliweka moyo wake. Ukiipenda ambayo wote wameikataa, itetee, lakini usimalize sauti yako kwa wakubwa wanaovaa makoti. Uliza inamsema nani, kisha mpelekee huyo. Na usimruhusu rafiki yako aitundike kazi yake shambani wakati wewe uko mjini unashinda mabishano.

Mungu akupe macho yasiyokimbia. Na siku utakapotengeneza kitu chako mwenyewe, kisha watu wakaanza kutoka, akuachie ndani ya ukumbi hata mtu mmoja wa kukuambia: rudisha.