Ugonjwa Haukuwa Miguuni

Naikumbuka asubuhi ile, mjukuu wangu, kwa harufu ya dawa ya kuchua. Mume wangu, Buya, alikuwa amerudi kutoka zahanati upande wa Garsen, akaniwekea chupa nyingine kando ya mkeka.

"Dresa anakusalimu," akasema, yaani mtoa dawa wa zahanati. "Uchue asubuhi na jioni."

Nikashukuru. Nyumba nzima ilikuwa imekwisha kunuka dawa hiyo, na miguu yangu wala haikuwa ikiniuma.

Niwie radhi nikienda polepole. Kuandika kwangu ni kama kusuka jamvi, ukuti kwa ukuti. Shule niliisoma kidogo tu, wakati kaka yangu alipokuwa akinibeba mgongoni. Alipooa, masomo yakaishia hapo. Miguu yangu ilinyauka nikiwa mtoto, baada ya homa kali, nikawa mtu wa kujikokota kwa mikono. Hata hivyo nilisuka, nilipika, na Buya alinioa kwa kunipenda.

Zamani hizo, miaka ya hamsini, mgonjwa wa kijijini kwetu hakuenda zahanati ikiwa mtu mwingine angeweza kumwendea. Kupanda mto kwa upondo, ukisukuma mtumbwi kwa mti mrefu, ni kazi nzito. Basi mwenye nguvu alikwenda, akaeleza maradhi ya mwenzake, akarudi na dawa. Wengi walipona hivyo. Lakini kila mtu aliyenisemea mimi alisema neno moja: miguu. Ndicho kitu walichokiona.

Kumbe nilikuwa na mimba changa, na chini ya kitovu palikuwa panawaka moto. Kwenda haja ndogo kulinitoa machozi. Homa ilikuja na kuondoka. Buya nilimwambia tu, "Naumwa." Nilikuwa mwenye haya mno. Naye, hata angejua, angeyasemaje mambo ya mkewe mbele ya wanaume waliopanga foleni?

Aliyeniokoa ni Mama Halako, mama wa Kiorma aliyekuwa akituletea maziwa, nasi tukimpa mahindi. Siku hiyo alitua kibuyu chake mlangoni, akanusa, akaniangalia usoni.

"Wewe binti, nani naumwa hapa?"

"Mimi, mama. Ni miguu."

"Mguu yako iliugua zamani, ikamaliza. Leo naumwa nini?"

Nikainama. Akakaa karibu yangu, akaweka kiganja chake kwenye shingo yangu, kisha tumboni. Nikashtuka kwa maumivu.

"Ahaa! Na mdomo, nayo imelemaa?"

Maneno yale yaliniuma kuliko ugonjwa, na machozi yakanitoka. Hakunibembeleza. Alimwita Buya. "Sikia, baba. Ng'ombe yangu ikiugua, mimi hapana tuma mtoto aseme habari yake. Nashika ng'ombe, nafungua mdomo, naangalia macho. Bibi yako ni kidogo kuliko ng'ombe?"

Buya akacheka kwa aibu. "Mama, njia ni mbaya. Na watu watatutazama."

"Watazame! Macho ya watu hapana toboa ngozi."

Wazee husema, mficha uchi hazai. Nilipolifikiria lile tumbo langu, nikajua methali hiyo ilikuwa yangu. Nikamwambia Buya, "Nipeleke."

Alinilaza mtumbwini juu ya majani ya migomba, akapanda mto. Alipofika gatini alinibeba mgongoni mpaka zahanati. Mzee mmoja kwenye foleni akamtania, "Buya, leo umeleta mzigo gani?"

"Nimeleta mke wangu," akajibu.

Dresa alitoka na koti lake jeupe. Alinipita kwa macho, akamwuliza Buya, "Anaumwa nini huyu?"

Buya akafungua kinywa. "Mi..." akasema. Akanigeukia.

Mwanangu, sikuwa nimepata kusema na mtu mwenye cheo maishani mwangu. Nikasema, kwa sauti ndogo, "Bwana, niulize mimi. Lakini si hapa."

Dresa alinitazama kama mtu aliyesikia kiti kikisema. Kisha akasogea kando ya mlango. "Mlete ndani."

Kitanda chake kilikuwa cha juu, Buya akanipandisha, akaambiwa asubiri nje. Ndipo nikasema yote, macho yangu yakiwa ukutani. Dresa hakucheka. Alinipima, akatikisa kichwa.

"Mama, hii homa ingemtoa mtoto, na wewe usingebaki. Kwa nini hukuja mapema?"

"Nilikuja, bwana. Nilikuja kwa mdomo wa mume wangu."

Alichemsha sindano yake, akanichoma, na kuanzia siku hiyo alitaka kuniona mwenyewe mpaka homa iliponiacha. Mto ulipofurika, nilijifungua binti. Huyo ndiye shangazi yenu mkubwa.

Sasa sikiliza, mwanangu. Siku hizi kuna barabara na magari, lakini bado naona mwanamke asiyeweza kutembea akiachwa garini, huku mwenziwe akiingia kumsemea. Namwona asiyeona akiulizwa kupitia mtoto wake, na asiyesikia akiandikiwa dawa kabla ya yeyote kumwuliza kwa ishara. Adhabu ya kaburi aijua maiti. Ukiwa muuguzi, mwulize mgonjwa mwenyewe, umpe na faragha. Ukiwa ndugu, mbebe umfikishe, kisha ufunge mdomo wako. Na wewe binti yangu ambaye mwili wako una kilema, usimwachie mtu akuchagulie ugonjwa. Kuona haya ni pambo, lakini si mbele ya anayekutibu.

Mungu akupe afya njema, mwanangu. Na siku utakapougua, maana hakuna asiyeugua, akujaalie mgongo wa kukubeba na sikio la kukusikiliza.