Makambako na Kurudi, na Valvu Inayovuja

Ujinga wangu nauanika mwenyewe kabla majirani hawajaniwahi. Daktari wa Njombe alinipa vidonge vya kutoa maji mwilini, akasema nimeze asubuhi. Nikaona vitanikatiza shambani, nikawa nameza jioni. Kwa baridi ya mwezi Juni ya kijijini kwetu Yakobi, kutoka blanketini kila mara kwenda choo cha nje ni adhabu. Nikaviacha. Miguu ikavimba, nikanunua mabuti makubwa zaidi, nikajiona nimemaliza tatizo.

Nilipofikia kulala nimekaa ili nipate pumzi, nilirudi kwa daktari. Akasema valvu ya moyo inavuja, niende Makambako moyo ukapigwe picha. Ikiwa imeharibika sana, nitapasuliwa.

Asubuhi basi lilitoka Njombe kwenye ukungu. Mimi hata Igwachanya, mji wa jirani tu, naihesabu ughaibuni, kwa hiyo nilibeba blanketi, sufuria na viazi. Misonobari ilipita dirishani, nami nikigawa shamba kichwani: juu kwa mke, bondeni kwa watoto.

Kwenye stendi ya Makambako alinipokea shemeji Zuhura, mke wa kaka yangu, muuza vitenge.

"Shemeji, blanketi la nini? Unahamia?"

"Nikilazwa je?"

"Utalazwa kwa uoga huo. Twende!"

Hospitalini daktari alinipaka mafuta ya baridi kifuani, akanionyesha kwenye kioo cha mashine: kijimlango kinafunguka, damu inapita, kisha hakifungi sawasawa, damu kidogo inarudi nyuma. Nikaelewa. Ni kama bomba langu la kupulizia viazi dawa, washa, ule mpira wa ndani, ikilika: unapampu mpaka bega linauma, dawa inatoka kidogo.

Nikamsimulia habari ya vidonge na mabuti, kisha nikauliza: "Sasa mnanipasua lini?"

"Nani kasema? Inavuja kiasi, moyo haujatanuka. Punguza chumvi, uwe unakuja kupimwa. Na vidonge ni asubuhi, mzee, asubuhi! Miguu ikivimba tena, usikimbilie duka la mabuti, kimbilia hapa."

Nilikaa kwenye benchi nje nikacheka peke yangu kama mwehu. Jioni Zuhura alinipa mchuzi usio na chumvi, nikaramba sahani.

Sasa niko Yakobi, nameza dawa na chai ya asubuhi, usiku nalala. Nimejifunza kwamba valvu haijapona, na huenda siku moja itahitaji fundi, lakini naweza kuitunza mwenyewe nikiacha ubishi. Jirani yangu Mama Neema alikuja kunipa pole, nikamsimulia yote. Akashusha pumzi, akasema:

"Afadhali. Maana kulibeba lijitu kama wewe kulipandisha kilima hiki mpaka makaburini, tungepasuka mioyo sisi."