Tundu la Hewa Chumbani kwa Hajja

Nyumbani wengi hawaniamini nikiwaambia kwamba Riyadh kuna baridi. Wanachojua ni jua na mchanga tu. Mimi nimezaliwa Molo, ambako umande wa asubuhi unauma vidole, lakini Januari yangu ya kwanza pale Riyadh, mtaa wa Al-Naseem, nilivaa soksi mbilimbili. Nyumba za kule zimejengwa ili zishindane na joto. Sakafu ni vigae vitupu, dari ziko juu sana, na ukuta ukishapata baridi unaishika hadi mchana.

Nilikuwa nikifanya kazi za ndani kwa familia moja. Kabla ya hapo nilikaa Jeddah miaka minne, na huko ndiko nilikojifunza Kiarabu vizuri. Hapo Al-Naseem alikuwapo bosi, niliyemwita baba, na madam, ambaye alikuwa mwalimu, na watoto wao watatu. Chini aliishi mama mzazi wa baba, bibi ambaye sote tulimwita hajja. Magoti yake yalikuwa yamekataa ngazi, kwa hiyo sebule ya zamani ya familia iligeuzwa kuwa chumba chake cha kulala. Langoni, katika chumba kidogo, alikaa dereva, Mkenya mwenzangu kutoka Kitale.

Joto la nyumba ile lilitoka kwa mashine moja kubwa iliyokuwa juu ya paa. Kiangazi ilileta hewa baridi na msimu wa baridi ikaleta hewa moto, kupitia mifereji ya bati iliyofichwa ndani ya dari na kuta. Kila chumba kilikuwa na tundu dogo la kupulizia. Halafu kulikuwa na matundu mawili makubwa, yenye wavu wa chuma, ambayo yalivuta hewa ya nyumba na kuirudisha kwenye mashine. Moja lilikuwa ghorofani, pale baba na madam walipozoea kukaa wakinywa kahawa jioni. La pili lilikuwa chumbani kwa hajja, chini ukutani, kwa sababu zamani chumba hicho kilikuwa sebule.

Wiki moja kabla ya mashine kusumbua, madam aligundua kwamba blanketi halipo. Lilikuwa blanketi nene la manyoya, la rangi ya kahawia, lililokuwa likikaa kwenye kabati la chini ya ngazi. Madam aliniuliza mara ya kwanza kwa upole, kama nimelipeleka kufuliwa. Mara ya pili akaniuliza kama kuna rafiki yangu anayetuma mizigo Kenya mwezi huo. Mara ya tatu hakuniuliza kitu. Nilirudi kutoka kumwaga takataka nikakuta zipu ya sanduku langu imefungwa upande wa kushoto, na mimi huwa naifungia upande wa kulia.

Tangu siku hiyo nilianza kukumbuka kila kitu nilikoweka, hata sega.

Kisha asubuhi moja watoto waliamka wakitetemeka. Kidude cha ukutani, kile cha kupangia joto la mashine, kilikuwa kimewekwa nyuzi ishirini na nne, na huku pumzi inaonekana. Madam aliniangalia mimi kwanza. Kidude chenyewe kilikuwa karibu na mlango wa jikoni, na alishanikuta mara moja nikikigusa, nikikifuta vumbi. Alisema labda kuna mtu anapenda joto sana na amelazimisha mashine hadi ikaharibika. Alisema "mtu", hakusema wewe.

Baba alibadilisha betri za kile kidude. Akazima swichi kuu ya mashine, akangoja kidogo, akaiwasha. Hewa moto ikatoka kwa muda wa kama dakika kumi, watoto wakafurahi, kisha ikageuka baridi tena. Baada ya saa moja au zaidi ikarudi yenyewe, ikapuliza kidogo, ikakata. Ikaendelea hivyo siku tatu. Siku ya nne haikurudi kabisa, ikawa inavuma hewa baridi tu kama feni.

Fundi aliletwa kutoka mtaa wa Malaz. Alipanda paani, akashuka upesi, akauliza kama vichujio vya hewa vinaoshwa. Hivi ni vitambaa vya kunasa vumbi vilivyo nyuma ya yale matundu mawili makubwa. Macho yote yakanigeukia, nikasema ndiyo, naviosha. Nilikuwa nimesema nusu ya kweli. Cha ghorofani nilikiosha kila mwezi. Cha chini sikuwa nimekigusa tangu baridi ianze, maana kila nilipokwenda hajja aliniambia nirudi kesho. Lakini ningesemaje hayo mbele ya madam, aliyekuwa tayari ananitafutia sababu?

Fundi akasema basi mashine imekufa, inatakiwa mpya. Madam akasema, nami nikiwa nimesimama hapo hapo na sinia, kwamba vitu havifi vyenyewe.

Mimi nami nilikuwa na mtu wangu wa kumshuku. Dereva alikuwa akipanda paani karibu kila siku, eti mtandao wa simu ni mzuri kule juu, anaongea na mke wake. Nilimfuata uani nikamuuliza kama amegusa kitu kwenye ile mashine. Aliacha kufuta kioo cha gari akanitazama.

"Hata wewe, dada?" akasema.

Niliona aibu, lakini sikuondoa swali langu. Alirudia kufuta kioo, akaniambia kwamba yeye ndiye aliyemshikia fundi ngazi, na kwamba yule fundi alifunua mfuniko mmoja tu, akachungulia, akaufunga. Hakupima chochote. Dereva aliwahi kufanya kazi ya kukausha mahindi kwa mashine za joto huko kwao, na jambo moja lilikuwa linamsumbua. Kama chuma cha kupasha moto kingekuwa kimeungua, mashine isingetoa joto hata kidogo. Hii ilitoa, ikakata, ikapoa, ikatoa tena. Alidhani inazimwa na ulinzi wake wenyewe kwa sababu inapata moto kupita kiasi, na inapata moto kupita kiasi kwa sababu hewa haipiti.

"Filta ya chini umeiosha lini?" akaniuliza.

Nikamwambia ukweli. Hakunicheka. Alisema tu, "Basi nenda leo."

Baba na madam walikuwa kazini, watoto shuleni. Nilichukua ndoo na taulo nikagonga kwa hajja. Alikuwa ameketi juu ya godoro lake la sakafuni, mgongo wake umeegemea sanduku la nguo, na lile sanduku limesukumwa hadi ukutani, mahali palipo na tundu. Hapo ndipo nilipogundua kwamba kwa siku nyingi hajja alikuwa hakai tena dirishani penye jua. Kila nikiingia namkuta hapo, kama mlinzi.

Nilimwomba nisafishe. Akasema kesho. Nikamwambia kesho hiyo nimeambiwa tangu mwezi uliopita, na watoto wanaumwa mafua.

"Nani amekutuma?" akaniuliza.

Nikasema hakuna aliyenituma. Hakuniamini. Alisema anajua wamenituma niangalie kama ameanza kupanga nguo zake. Sikuelewa anazungumzia nini. Nilipiga magoti mbele yake, nikamshika mkono, mkono wenyewe baridi kama bilauri, nikamwambia kwamba nyumba nzima imeganda na wananitazama mimi. Kisha akaniambia nimsaidie kuinuka.

Nilisogeza sanduku. Nyuma yake, limekunjwa mara nne na kusokomezwa kwenye wavu kwa nguvu, lilikuwa lile blanketi la manyoya. Vumbi lilikuwa limeganda juu yake kama ukungu.

Nilikaa chini. Nadhani nilicheka kidogo, si kwa furaha. Hajja akaanza kueleza, haraka haraka, kama mtoto aliyeshikwa. Lile tundu lilikuwa linaleta sauti. Wakikaa ghorofani jioni na kahawa yao, maneno yao yalishuka kwa ule mfereji wa bati hadi kwenye mto wake. Na jioni moja alisikia: baada ya Ramadhani tumpeleke Jeddah kwa dada, hapa nyumba itapumua. Dada huyo alikuwa binti yake, aliyeolewa Jeddah. Hajja hakuwa na ugomvi na binti yake, lakini mume wake alizikwa Riyadh, yeye amezaliwa Riyadh, na unyevu wa Jeddah ulimziba kifua. Hakutaka kuwauliza, maana ukiuliza unajibiwa. Aliamua asisikie zaidi. Akachukua kitu kinene alichokiona kabatini, akaziba.

"Usiwaambie," akasema.

Ningependa kuandika kwamba nilikubali mara moja. Sikukubali. Nilimwambia, "Hajja, blanketi hili wanasema nimeliiba mimi."

Hakuwa anajua. Niliona uso wake ukibadilika. Alikaa akichezea ncha ya mtandio wake, kisha akaniambia nimletee simu. Alimpigia mwanawe na kumwambia akitoka kazini aje chumbani kwake kabla hajavua viatu, na aje na mkewe. Akakata bila kungoja jibu.

Wakati huo mimi nilitoa kile kichujio, kikiwa kizito kwa vumbi, nikakiosha uani hadi maji yakatoka safi. Dereva alipanda paani, akakuta kitufe chekundu cha ule ulinzi kimeruka ndani ya sanduku la vyuma vya moto, akakibonyeza. Aliniita kutoka juu niweke mkono kwenye tundu la jikoni. Ilianza harufu ya vumbi linaloungua, kisha joto. Nilisimama pale mikono yote miwili juu mpaka vidole vikaanza kuwasha. Tulingoja nusu saa, kisha saa nzima. Haikukata.

Mchana walikuja wote wawili. Walihisi joto mlangoni, baba akaanza kutabasamu, akadhani fundi amerudi. Hajja aliwakalisha. Blanketi lilikuwa mbele yake sakafuni. Nilikuwa nimesimama kando na birika la kahawa, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amenikataza kutoka.

Aliwaambia yeye ndiye aliyelichukua blanketi na yeye ndiye aliyeziba tundu. Madam alinitazama upesi, akatazama kwingine. Baba aliuliza kwa nini, na hajja akarudia yale aliyoyasikia, neno kwa neno: tumpeleke Jeddah, nyumba itapumua. Alisema kama wanataka kumwondoa, wamwambie usoni.

Baba alimgeukia mkewe. Kisha akasema, taratibu sana, "Mama, hatukuwa tunazungumza habari zako."

"Za nani basi?"

Mashine ilisikika juu, ikipumua vizuri. Nilitazama birika mkononi mwangu nikajua. Hajja naye alijua, karibu wakati mmoja na mimi, na akaniambia nitue birika nikae. Sikukaa.

Ni madam aliyesema, na nilimheshimu kwa hilo. Alisema wifi yake amejifungua na anahitaji msaidizi, na mimi naijua Jeddah. Hiyo ilikuwa sababu moja. Sababu ya pili alimwambia mama mkwe wake, si mimi: hakuwa ametulia na mtu ndani ya nyumba anayeelewa kila neno wanalosema. Alikuwa ameniona nikitabasamu kwa vichekesho alivyokuwa akisikiliza kwenye simu yake. Na lilipopotea blanketi, aliona moyo wake ulikuwa umemwambia kweli.

"Na sasa moyo wako unasema nini?" hajja akamuuliza.

Madam alisema blanketi limepatikana, halas, yameisha. Hakuniomba radhi, wala mimi sikutarajia. Lakini tangu siku hiyo zipu ya sanduku langu ilibaki nilivyoifunga. Dereva alipewa shukrani na baba. Fundi hakuitwa tena, na sikuwahi kujua kama alikuwa mwongo au ni mtu mwenye haraka aliyeniamini niliposema vichujio vinaoshwa. Mara nyingine nafikiri ni mimi niliyempa lile jibu la mashine mpya.

Hajja alipigania nibaki. Alikataa kula mlo mmoja, akamwambia mwanawe nani atamsugua magoti. Nilibaki hadi Ramadhani ikaisha, kisha nikakubali kwenda, kwa hiari yangu, maana hata joto liliporudi nilikuwa nimeanza kunong'ona ndani ya nyumba ile. Dereva na mimi tulikuwa tukiongea uani tu, na kwa Kiswahili, na hata hivyo tuliangalia madirisha. Asubuhi ya safari hajja alinishika mashavu.

Huko Jeddah madam mpya, binti wa hajja, aliniuliza siku ya kwanza kama nakijua Kiarabu. Nilijibu kidogo tu, yalla, mafi, yaani haya na hakuna, maneno ya kazi. Nilidumu na uongo huo siku nane. Siku ya tisa mtu wa maji alileta bomba lisilofaa, na nilipokuwa nikibishana naye mlangoni, kwa Kiarabu kirefu cha sokoni nilichokiokota zamani kwa wenye maduka wa Kandara, mtaa wa hapo hapo Jeddah, niligeuka nikamwona madam mpya amesimama nyuma yangu, mtoto begani. Nilingoja aseme. Alisema mama yake alikuwa amempigia simu hata kabla sijafika, akamweleza habari zangu zote, na kwamba yeye alikuwa akijiuliza tu nitachoka lini kujifanya.

Kisha akaniuliza kama yule mtu ameleta bomba au la, kwa sababu mtoto anahitaji kuogeshwa.