Lori Langu Halikusimama Kalvatini

Jumamosi ya pili ya mwezi wa Agosti, kabla ya saa sita mchana, nilimpoteza ndugu yangu wa pekee. Alifia ndani ya lori langu, na aliyemuua ni mimi. Nasema mapema ili usije ukanihurumia halafu ukajuta.

Sikumshika kwa mkono. Nilimdharau tu. Kumbe dharau inatosha!

Nitamwita Mwalimu, kwa sababu ndivyo Isiolo nzima ilivyomwita, hata mimi mdogo wake. Alifundisha darasa la sita. Mimi niliachia la saba nikaenda kupakia magunia, baadaye nikapewa usukani. Naendesha lori la bidhaa kutoka Isiolo hadi Merti, unga na sukari kwenda, mbuzi kurudi.

Tangu serikali za kaunti zije, mji wetu una ugonjwa. Mtu hapimwi kwa kitu kingine ila gari. Aliyekuwa akitembea na viatu vilivyotoboka leo anapandisha vioo na kutupiga vumbi. Nami nilikuwa mgonjwa kuliko wote, na lori lenyewe si langu! La tajiri. Lakini nikikaa juu pale nilijiona mfalme, na kila aliye chini ni takataka.

Sasa sikia. Mwalimu alikuwa ameona wazungu wakipita mjini kwa baiskeli, baba, mama na watoto, mahema nyuma, wakielekea Moyale. Wengine tulicheka. Yeye alirudi nyumbani akamwambia mkewe, Karimi, "Watu wanatoka ng'ambo kuja kuona nchi yetu, na watoto wetu hawajawahi kuona Merti."

Akanunua baiskeli nne kuukuu. Jioni akawa anazifungua uani, anapaka grisi, anafundisha watoto kuziba pancha. Karimi, ambaye ni Mmeru na mwenye mikono ya kazi, alishona mifuko ya kuning'iniza kando ya magurudumu kwa turubai kuukuu. Likizo ya Aprili wakajaribu hadi Kinna. Walirudi wamechomwa na jua, wanacheka, na mkungu wa ndizi umefungwa nyuma ya baiskeli ya Nakiru, binti mwenye miaka kumi na mitatu.

"Ndizi ziko sokoni hapa," nikawaambia. "Mmeenda Kinna kufuata chakula cha nyani?"

Nakiru akacheka. "Baba mdogo, wewe ukishuka kwa hilo lori utasahau hata kutembea."

Etabo, mdogo wake wa miaka tisa, akaongeza, "Tumbo litabaki kwa usukani!"

Walikuwa na furaha, na furaha yao iliniudhi. Sijui kueleza vizuri. Kama wangekuwa maskini waliokosa nauli ningewahurumia. Lakini kumwona mtu mwenye mshahara akichagua baiskeli, na mkewe anachagua, na watoto wanaimba! Niliona wananiaibisha mjini. Watu waliniuliza, "Ndugu yako amefilisika?" Nami badala ya kumtetea nilisema, "Amesoma sana, kichwa kimechemka."

Agosti wakapanga Merti, siku sita barabarani, wakilala kwenye mahema. Mwalimu hakuwa mjinga kama nilivyomtangaza. Aliandika kila kituo na kila mahali pa maji. Kulikuwa na kipande kimoja tu kilichomsumbua, kile kirefu kabla ya Biliqo ambapo barabara iko mbali na mto. Akaja kwangu.

"Alhamisi unapita. Niwekee mitungi miwili pale kwenye kalvati kubwa, uifunike kwa mwiba. Tutafika jioni."

Kama hujui barabara ile nikueleze. Kalvati ni bomba la saruji linalopitisha maji ya mvua chini ya barabara. Mtungi wa maji uliowekwa chini ya mti, na tawi la miba juu yake, ni wa mtu anayekuja. Mchungaji mwenye kiu anaweza kunywa kidogo na kurudisha mwiba. Kuuchukua, hapana. Hata watu wanaoibiana ngamia hawafanyi hivyo. Kwa hiyo mpango wa Mwalimu ulikuwa salama kabisa. Ulikosa kitu kimoja tu, dereva mwenye utu.

Alhamisi asubuhi niliwapita. Ndani ya kabini nilikuwa na mfanyabiashara mmoja wa mbuzi, mtu wa kucheka sana. Tukawaona kwa mbele, baiskeli nne kwa mstari, Mwalimu mwisho kabisa akiwalinda. Watoto waliposikia mlio wa lori wakaanza kupunga mikono.

"Hawa ni wakimbizi?" mfanyabiashara akauliza.

Nikaona aibu kusema ni damu yangu. Lakini Mwalimu alikuwa ameshapaza sauti, "Usisahau maji ya kalvatini!"

"Sawa!" nikajibu kwa dirisha.

Mfanyabiashara akacheka hadi akakohoa. "Unawapelekea maji kama ng'ombe?"

Hapo ndipo nilipoamua. Nikamwambia, "Wacha wapate akili. Leo walale na kiu kidogo. Kesho nikirudi watanisimamisha wenyewe, niwapakie juu na mbuzi, niwashushe katikati ya mji mchana kila mtu akiona."

Tulipofika kalvatini niliongeza moto. Mitungi miwili iliyojaa ilikuwa inagongana nyuma ya kiti changu.

Merti ilikuwa siku ya mnada wa mifugo. Mfanyabiashara yule akaniomba nimsubiri siku moja zaidi, mbuzi wake hawajatimia. Nikakubali. Nilikuwa nakula nyama. Unasikia? Ijumaa nzima, wakati ndugu yangu amekaa juani akiwaambia watoto, "Baba mdogo anapita leo, subirini," mimi nilikuwa chini ya kibanda nakula nyama na kusimulia kichekesho cha baiskeli! Maji yao mtungi mmoja niliutia kwenye rejeta kupoza injini na mwingine nikawanywesha mbuzi.

Nimefikiria kukuficha hilo. Sitaki tena kuficha.

Yaliyotokea kule niliyajua baadaye. Walifika kalvatini Alhamisi jioni, wakatafuta chini ya kila mti. Wakagawana kilichobaki kwenye chupa. Ijumaa wakangoja gari. Lakini magari yote ya barabara ile yalikuwa mnadani Merti. Saa kumi, Etabo alipoanza kutapika, Mwalimu alichukua baiskeli na chupa tupu akakata porini kuelekea mtoni. Hakuwa amekunywa tangu usiku uliopita. Sehemu yake alikuwa amewapa wao.

Jua likishuka, mama mmoja wa Kiborana aliyekuwa akirudisha ngamia aliona hema la bluu akashangaa. Watu wanamwita Mama Jillo kwa jina la kifungua mimba, basi nami nitamwita hivyo. Aliwapa maziwa Karimi na watoto, kidogo kidogo, kama anavyojua. Kisha akawatuma wanawe wazima wawili kufuata alama za baiskeli. Walimpata Mwalimu alfajiri, ameanguka kando ya baiskeli, hajafika mtoni.

Nilipofika Jumamosi kama saa nne hivi, walikuwa wamemlaza kivulini. Tulimpandisha kabini, kichwa chake mapajani mwa Karimi.

Karimi akanitazama. "Shemeji, ulituwekea?"

"Niliweka," nikasema. "Wameiba."

Uongo ulitoka tu, laini kama salamu.

Njiani Mwalimu alifungua macho. "Umekuja," akaniambia.

"Nimekuja, Mwalimu."

"Usigombane na watu kwa sababu ya mitungi. Labda mtu alikuwa na kiu kuliko sisi."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Alikufa akimsamehe mwizi ambaye hayupo, na mimi niliyekuwepo nilikuwa nabadilisha gia.

Matanga yakajaa. Na mji wetu ulivyo, kila mtu akawa na hadithi ya watu wa Biliqo, jinsi walivyo wakatili, jinsi wanavyoweza kunyang'anya mtoto maji. Watu ambao hawajawahi kuvuka daraja la kutoka mjini! Nao walikuwa wanakula chapati zetu na kutoa hukumu. Nawadharau hadi leo, lakini jiwe waliloshika niliwapa mimi.

Siku ya tatu, Mama Jillo akaja. Alisafiri juu ya pikapu ya mizigo kutuletea maziwa na kutupa pole. "Salaam aleikum," akasema mlangoni. Wachache wakaitikia.

Akakaa. Aliposikia minong'ono, akaongea Kiswahili chake cha taratibu. "Nasikia maji iliibwa. Kwetu maji iko na mwiba hakuna mtu anagusa. Hata mtoto anajua."

"Mwizi hakosi maneno," mtu akasema nyuma.

Hakumjali. Akanigeukia. "Wewe dereva, ulisimama kalvati?"

"Nilisimama."

"Vijana yangu waliangalia alama ya gari. Mguu ya lori yako ilipita moja kwa moja. Hapana simama. Hapana mtu alishuka."

Nilikuwa nimekwisha. Watu wale wanasoma ardhi kama Mwalimu alivyosoma gazeti, na mimi nilijua. Halafu jirani mmoja akasema, "Eti sasa gari lina mguu!" na matanga yote yakacheka.

Nami nikacheka! Mimi, kwenye matanga ya ndugu yangu, nikamcheka mama aliyewaokoa watoto wa marehemu. Alisimama, akaweka kibuyu cha maziwa karibu na Karimi, akaondoka. Hakuna aliyemsindikiza. Maziwa yale mtu aliyamwaga nje.

Nilikaa na uongo huo miezi mitano. Sikukonda. Watu husema mwenye siri halali, lakini mimi nililala, nikala, nikaendesha. Nikawa hata naitwa shujaa, kwa kuwa ndimi niliyewaleta nyumbani. Nikapokea sifa hiyo!

Kilichonivunja ni shule. Waliniita kama mlezi wa Nakiru. Alikuwa amepigana na mwenzake wa dawati, msichana wa Kiborana ambaye amekuwa rafiki yake tangu chekechea. Alikuwa amemwita "mwizi wa maji" mbele ya darasa zima, akamrarua sare. Baba wa yule msichana alikuwa ameketi kando yangu, kofia mkononi, akirudia, "Mwanangu alikosa nini? Nielezeni alikosa nini."

Nakiru hakulia. Alimtazama yule mzee kwa jicho ambalo nalijua. Ni lile nililokuwa nikitazamia watu kutoka juu ya lori. Mwalimu hakuwa na jicho hilo maishani mwake. Mtoto amelitoa kwangu.

Siku hiyohiyo, bado jua liko juu, nilimkuta Karimi akianua nguo. Nikamwambia yote, mfanyabiashara, nyama, rejeta, mbuzi.

Alishika kamba ya nguo. "Ulisahau," akasema. "Barabara ni ndefu. Ulisahau tu."

"Sikusahau."

"Shemeji, sema ulisahau."

Alikuwa ananiomba! Angeweza kuishi na mtu aliyesahau. Nami kwa mara ya kwanza tangu Agosti nilisema ukweli mahali ambapo uongo ungesaidia.

"Sikusahau, Karimi. Nilikumbuka nikapita."

Alimaliza kuanua nguo zote, moja moja. Kisha akasema, "Jumamosi utatupeleka Biliqo. Utamwambia yule mama, na mimi na watoto tutakuwa tumesimama hapo."

Wewe unayesoma, labda una mtu wako ambaye mambo yake unayaona ya kijinga. Anapanda miti, analima uyoga, anakimbia asubuhi na kaptula. Cheka ukitaka. Lakini akikuomba jambo dogo, lifanye kama alivyoomba. Usimfundishe adabu kwa kiu. Na ukikosa, sema siku hiyohiyo, kabla kosa lako halijavishwa watu wengine. Mimi nilingoja, na mtoto akarithi chuki isiyo na mwanzo. Usije ukaniambia eti Mungu alipanga. Nilipanga mimi, na mfanyabiashara wa mbuzi akacheka.

Basi tulienda Biliqo. Niliomba lori kwa tajiri. Karimi na watoto walikaa nami kabini.

Mama Jillo alitukaribisha kwa mkeka. Nikasema mbele yake, mbele ya wanawe wawili na wazee watatu waliokuja kuketi. Kijana mmoja aliwatafsiria wazee. Nilingoja matusi. Nilikuwa nimejiandaa kupigwa, tena nilitaka.

Hakuna aliyeinua hata sauti. Mzee mmoja aliendelea kusugua meno kwa mswaki wa mti. Wanawe waliniangalia kama unavyoangalia kitu barabarani ili ujue uendeshe upande gani. Mama Jillo alimgeukia Karimi.

"Huyu ndiye atawarudisha nyumbani?"

"Ndiyo," Karimi akasema.

"Basi lala hapa. Kesho pikapu ya binamu yangu inaenda Isiolo."

Karimi aliwaketisha watoto mkekani. Kisha akasema, "Asante, mama. Tutalala."

Niliinuka, nikaaga, hawakuitika. Nilipokuwa naliwasha lori, Nakiru alikuja mbio, na mimi mjinga moyo ukaruka. Alipanda kwenye ngazi, akachukua begi lao na sweta ya Etabo kutoka kwenye kiti, akashuka, akafunga mlango kwa mikono miwili kwa sababu ni mzito.