Jibu Alama Moja, Njia Alama Nne

Siku ya kwanza kabisa, mwalimu wa aljebra ya mstari aliandika ubaoni kwamba katika kila swali jibu lina alama moja na njia ina alama nne, kisha akageuka na kusema kwa ile sauti yake ya chini, inayowanyamazisha hata wa viti vya nyuma, "Tusije tukalaumiana." Mpwa wake, binti aliyekaa mbele, alijua hatanii. Ni mtu wa kufuta ubao kwa kiganja, safu moja ya namba za matriki baada ya nyingine, hadi mkono unakuwa mweupe pe, na nyumbani huosha vikombe vivyo hivyo, kimoja kimoja, bila haraka. Hata hivyo, binti aliporudishiwa mtihani, majibu yote sahihi na alama za kufeli, alimfuata ofisini amefura kwa hasira.

"Mjomba, nilipiga hesabu kichwani!"

"Hapa mimi ni mwalimu wako," alisema bila kuinua macho. "Na kichwani mwako siingii."

Binti akanyakua karatasi yake, akashika kitasa cha mlango. Nyuma yake akasikia droo ikivutwa. Alipogeuka, mjomba alikuwa amevunja chaki vipande viwili, anamnyooshea kile kikubwa.

"Alama sibadilishi," alisema. "Ila mtihani wa marudio upo, na mimi leo sina pa kwenda."

Binti akaweka mkoba chini, akakunja mikono ya blauzi, akauendea ubao mdogo wa ofisini na kuandika safu ya kwanza, na kando yake, kwa herufi kubwa, kila alichokifanya.